Kabla ya Saa 72: Kuzuia Ukatili Kuanzia Ofisi ya Zoni



Mtoto wa chini ya miaka 15 akipooza mguu ghafla katika kijiji chochote cha Maniema, serikali inaamka. Relé, mhudumu wa afya wa kujitolea wa kijiji, anamwarifu muuguzi, muuguzi anamwarifu daktari mkuu wa zoni, na kinyesi cha mtoto kinachukuliwa mara mbili, saa 24 zikipita katikati, kabla siku 14 hazijaisha tangu mguu ulegee. Sampuli inatiwa kwenye boksi la baridi, inapanda pikipiki, inapanda ndege, inafika Kinshasa katika maabara ya taifa ya INRB. Mwaka 2017 polio ilipoonekana katika mkoa wetu, wachanjaji walipita nyumba kwa nyumba hadi mahali ambapo hata mkusanya kodi hafiki.

Sasa tubaki katika kijiji hichohicho. Msichana amebakwa njiani akitoka shambani. Au, jambo la kawaida zaidi, mwanamke amevunjwa mkono usiku na mume wake. Nani anaamka? Mkono utafungwa, hilo nakubali, wauguzi wetu hawamfukuzi mgonjwa. Lakini daftarini pataandikwa kuwa mkono umevunjika, na kwenye sababu, kama kuna mtu aliyeuliza, pataandikwa kuwa ameanguka. Mwisho wa mwezi ripoti itakwenda Kindu, Kindu itaituma Kinshasa, na taifa litajua kwamba wanawake wa Kasongo na Kabambare wanaanguka sana.

Mada niliyopewa ni mafunzo ya sera ya afya ya jamii yanayolenga kuzuia ukatili. Kwa wasioyafahamu: ni mpango ambao mtu mwenye kazi yake tayari, awe mganga, muuguzi, mwanasheria au mtakwimu, anafadhiliwa mwaka mmoja au miwili, anapewa mlezi na meza ndani ya ofisi inayokata maamuzi, naye anajifunza kutunga sera kwa kuitunga. Hapewi shahada nyingine ya kutundika ukutani. Swali langu kwenu ni moja: meza hiyo iwekwe wapi? Mimi nasema iwekwe katika ofisi kuu ya zoni ya afya. Nikiulizwa zoni ipi, nitataja Kabambare, Lusangi au Saramabila, kabla ya Kinshasa na hata kabla ya Kindu.

Mafunzo ya namna hii yana ukoo wake. Mwaka 1951, Alexander Langmuir alianzisha katika CDC, kituo cha kudhibiti magonjwa cha Marekani, kikosi cha waganga vijana waliotumwa kwa miaka miwili kufuatilia milipuko ya magonjwa, wakilipwa huku wakijifunza. Programu nyingi za Afrika za kufundisha wataalamu wa epidemiolojia nyanjani, ile ya Kinshasa ikiwemo, zimefuata mfano huo. Kwa miaka mingi watu hao walikimbizana na surua, kipindupindu na ndui, na ukatili uliachiwa polisi. Mwaka 1983 CDC ikiwa chini ya William Foege, mtu aliyepigana na ndui huko Nigeria, ikafungua kitengo cha epidemiolojia ya ukatili. Hoja yake ilikuwa ya kawaida kabisa kwa mtu wa afya: vifo vikijirudia mahali palepale, kwa watu wa umri uleule, katika saa zilezile, vina sababu, na sababu inaweza kutafutwa na kukatwa.

Mwaka 1996 ulileta mambo mawili yanayogongana. Huko Geneva, Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha azimio la kutangaza ukatili kuwa tatizo kubwa la afya ya jamii ulimwenguni. Huko Washington, bunge la Marekani liliondoa katika bajeti ya CDC dola milioni 2.6, kiasi kilekile ambacho kituo hicho kilikuwa kimetumia mwaka uliotangulia kuchunguza majeraha ya bunduki. Fedha za kazi hiyo hazikurudi mpaka bajeti iliyotiwa saini Desemba 2019. Nawasimulia habari hii ya mbali kwa sababu inatuhusu. Nchi tajiri kuliko zote, yenye maprofesa na maabara, ilinyamazishwa zaidi ya miaka 20 kwa sababu hesabu yake iliwaudhi wakubwa. Atakayehesabu ukatili Saramabila asidhani hesabu yake itapokelewa kwa vigelegele.

Kabla hatujaenda kuazima hekima ng'ambo, tuitazame ile iliyozaliwa hapa. Tangu mwaka 1971, Taasisi ya Tiba ya Tropiki ya Antwerpen ilifanya kazi Kasongo katika mradi ambao wanafunzi wa afya ya jamii wa nchi nyingi wameusoma, mara nyingine bila kujua Kasongo iko upande gani wa mto. Mwaka 1981 timu ya mradi huo ilichapisha katika jarida la Lancet uchunguzi juu ya chanjo ya surua na uhai wa watoto wa Kasongo, ikauliza swali lililowaudhi wengi: mtoto aliyeokolewa na surua, je, anaendelea kuishi, au anachukuliwa baadaye na jambo lingine? Ubishi juu ya jibu ulikuwa mkali, na sitauingia leo. Kinachonipendeza ni ujasiri wa swali. Mtu alikuwa tayari kupima kazi yake mwenyewe kwa uhai wa mtoto, wakati angeweza kuipima kwa idadi ya sindano na kulala salama.

Na chini ya swali hilo kulikuwa na msingi mmoja. Kituo cha afya cha Kasongo kilipewa wakazi wake, wanaojulikana, na kiliwajibika hata kwa wale wasiofika mlangoni. Zaire ilipogawanywa katika zoni 306 za afya miaka ya 1980, uzoefu wa Kasongo ulikuwa mmoja wa ile iliyotangulia kuonyesha njia. Leo nchi ina zoni 519. Maniema ina 18, na sita ziko katika teritware zetu mbili, Kasongo na Kabambare: zoni za Kasongo, Kunda, Samba, Kabambare, Lusangi na Saramabila. Mtoto asiyeletwa chanjo ndiye anayetafutwa. Hayo tumeyafanya kwa zaidi ya nusu karne. Mwanamke asiyeletwa kituoni hatafutwi na mtu.

Najua pingamizi litakalotoka upande ule wa ukumbi: shida yetu ni bunduki, ondoeni bunduki kwanza. Hilo silipuuzi. Eneo la Saramabila na mgodi wa Namoya, ambapo kampuni ya Banro ilianza uzalishaji wa kibiashara mwaka 2016, limeona wapiganaji wa Mai-Mai Malaika, limeona utekaji, limeona vijiji vizima vikilala porini. Madaktari Wasio na Mipaka wamewahudumia huko watu waliobakwa. Na ule uchunguzi wa vifo uliochapishwa katika Lancet Januari 2006, uliofanywa na shirika la IRC katika nchi yetu, ulionyesha kwamba chini ya asilimia 2 ya vifo ndivyo vilivyotokana na silaha moja kwa moja. Wengi wa waliobaki walichukuliwa na malaria, kuhara, nimonia na utapiamlo. Lakini watafiti haohao walikadiria kuwa athari za mapigano zikiondolewa, vifo vyote vingeshuka karibu na kiwango cha kawaida. Bunduki inaua hata mahali ambapo haikulia: kituo kimefungwa, muuguzi amekimbia, friji ya chanjo imeibwa.

Hata hivyo tazameni hesabu nyingine. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2002 ilikadiria kuwa watu milioni 1.6 waliuawa na ukatili katika mwaka 2000. Karibu nusu yao walijiua wenyewe. Waliouawa na wenzao walikuwa kama theluthi, na waliouawa na vita kama mmoja kati ya watano. Hapa nchini, uchunguzi wa taifa wa demografia na afya wa 2013-2014 uliwauliza wanawake wa miaka 15 hadi 49: asilimia 52 walisema wamewahi kupigwa tangu walipofika miaka 15, na asilimia 27 wamewahi kutendewa ukatili wa kingono. Mwaka 2011, mtafiti Amber Peterman na wenzake wawili walitumia takwimu za uchunguzi uliotangulia, wa 2007, wakakadiria kuwa wanawake milioni 1.69 hadi 1.80 walikuwa wamewahi kubakwa. Waliolazimishwa na mume au mwenzi wao walikuwa milioni 3.07 hadi 3.37. Kwa miaka mingi dunia imekuja Kongo kumtafuta mbakaji mwenye sare. Yupo, na ahukumiwe. Lakini walio wengi hawavai sare, na jioni wanarudi nyumbani kula.

Sasa mtu wa sera afanye nini na habari hii? Hapo ndipo wengi wanakimbilia semina. Watu 30, siku tatu, chai na mandazi, bango lenye nembo za wafadhili, picha ya pamoja. Sina ugomvi na mandazi. Ugomvi wangu ni kwamba tunazo tayari habari za mipango iliyopimwa kwa makini karibu yetu, na hatuzitumii.

Kampala, katika divisheni za Rubaga na Makindye, mpango wa SASA!, uliotungwa na shirika la Raising Voices, uliendeshwa kati ya 2007 na 2012. Haikuwa semina. Watu wa mtaa wenyewe, mwanamke wa genge, fundi wa baiskeli, polisi wa kituo kidogo, walizungumza na majirani zao miaka kadhaa juu ya nani ana nguvu nyumbani na anaitumiaje. Mitaa minne ilipata mpango na minne ikasubiri. Mwishowe, kiwango cha wanawake waliopigwa na wenzi wao katika mwaka uliopita kilikuwa chini kwa asilimia 52 kuliko kwenye mitaa iliyosubiri. Sasa geukeni kwa jirani zetu wa Kivu zote mbili, Kaskazini na Kusini, ambako IRC iliendesha vikundi vya wanaume vilivyokutana kila wiki kujadili mwenendo wao. Matokeo yalichapishwa mwaka 2020. Wanaume walisema mazuri, mitazamo ilibadilika, lakini wake zao walipoulizwa, ukatili haukuonekana kupungua kwa kiwango cha kuaminika ukilinganisha na vijiji vingine.

Habari hii ya Kivu ni ya thamani kuliko ya Kampala, kwa maoni yangu, na inasomwa kidogo kwa kuwa haimfurahishi mfadhili. Inatuambia tusimwamini mwanaume anayejisifu kubadilika, aulizwe mkewe. Inatuambia pia kwamba kubadilisha maneno ya watu wachache katika miezi michache, huku mtaa mzima ukibaki ulivyo, hakutoshi. Mtu wa sera aliyekaa Kinshasa ataandika katika ripoti yake kwamba wanaume washirikishwe. Aliyekaa Kabambare atauliza ni wanaume gani, na wanaonana wapi.

Maana hapa kwetu hawaonani ofisini. Wanaonana kwenye mashimo ya dhahabu, kwa mama muuza pombe ya lutuku, uwanjani baada ya swala ya Ijumaa, na barazani kwa shefu. Mchimbaji anayefanya kazi kwa deni, anayedaiwa na pedeje, yaani tajiri wa shimo, aliyeiacha familia Wamaza au Kongolo, siku dhahabu ikitoka ana usiku mmoja wa utajiri. Ukatili wa usiku ule unafuata ratiba. Muuguzi wa kituo kilicho karibu na machimbo anaijua ratiba hiyo kwa kichwa, kwa sababu ndiye anayeshona. Haijaandikwa popote. Kazi ya kwanza ya mfadhiliwa ingekuwa kuiandika: siku gani, saa ngapi, njia gani ya maji, shimo lipi, pombe ya nani. Huko Chicago, Gary Slutkin, mganga aliyekwisha kufanya kazi katika kambi za wakimbizi Somalia, alianza vivyo hivyo mwaka 2000 katika mtaa wa West Garfield Park: ramani ya mapigo kwanza, kisha watu wa mtaa wanaoheshimiwa waingie kati kabla kisasi hakijalipizwa. Tathmini za mpango wake hazikukubaliana. Mahali pengine risasi zilipungua, pengine hazikupungua. Lakini ramani ilikuwepo, na mtu angeweza kubishana nayo.

Hapa lazima nitoe onyo, na waganga vijana mnisikilize vizuri. Mgonjwa wa surua hana hasara jirani akijua ana surua. Mwanamke aliyepigwa, jina lake likisomwa daftarini na shemeji anayefagia kituo, anaweza kupigwa mara ya pili, na safari hii asifike kituoni. Aliyebakwa na mtu wa kundi fulani, jina lake likifika kwa kundi hilo, tunajua kinachofuata. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka 2001 mwongozo wa namna ya kuwauliza wanawake habari hizi: usalama wao kwanza, mahali pa faragha, na katika kila nyumba aulizwe mwanamke mmoja tu, ili wengine wasijue kilichoulizwa. Kwa hiyo relé wetu, wanaohesabu vyandarua kwa sauti kubwa uani, wasitumwe kuhesabu vipigo kwa namna ileile. Daftari la siri liwe na namba, si majina, na ufunguo ukae kwa mtu mmoja. Kama kabati haina kufuli, kazi isianze mpaka kufuli inunuliwe. Nimeona mipango yenye magari mawili isiyo na kufuli.

Ripoti ya mwezi ya kituo ina safu za watu waliotendewa ukatili wa kingono, na safu ya waliofika kabla ya saa 72. Muda huo una sababu yake: dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI zinatakiwa kuanzwa ndani ya saa hizo, na mapema zaidi ni bora, nayo dawa ya kuzuia mimba inaweza kutolewa hadi saa 120. Vituo vingi vinaandika sifuri. Katika ufuatiliaji wa polio, sifuri haipokelewi hivihivi. Zoni yenye watoto 100,000 isiyoripoti hata mguu mmoja uliolegea katika mwaka haisifiwi, inatumiwa mkaguzi, kwa kuwa miguu hulegea kwa sababu nyingine pia, na kimya maana yake hakuna aliyetazama. Sifuri ya ukatili tunaipokea kama habari njema.

Ukiuliza kwa nini aliyebakwa hakufika kabla ya saa 72, utapewa majibu ambayo hakuna hata moja linalohitaji profesa. Hakuna pesa ya pikipiki. Cheti cha daktari kinalipiwa. Dawa zimeisha tangu msimu wa mvua ulipoikata barabara. Muuguzi ni mwanaume, na ni binamu wa mtuhumiwa. Na zaidi ya yote, familia mbili zilikuwa bado zimekaa barazani.

Nalisema hili mbele ya wakubwa wa grupema kwa heshima. Sheria mbili za tarehe 20 Julai 2006, ile namba 06/018 na ile namba 06/019, zilibadilisha kanuni za adhabu na za mashtaka kuhusu ukatili wa kingono. Uchunguzi wa awali ukamilike ndani ya mwezi mmoja, hukumu ndani ya miezi mitatu, na kesi haiwezi kuzimwa kwa kulipa faini. Sheria ni nzuri. Lakini mahakama iko mbali na baraza liko karibu, na barazani kuna aranjema: mbuzi kadhaa, pesa kidogo, pengine msichana anaolewa na yuleyule aliyembaka, na amani ya koo mbili inahifadhiwa. Shefu anayefanya hivyo mara nyingi si mtu mbaya. Anazuia kisasi, na kisasi nacho ni ukatili. Katika nchi iliyokaa na silaha miaka mingi hivi, hofu yake ina msingi. Ila saa 72 zinapita wakati wazee wanahesabu mbuzi, na msichana yuko chumba cha nyuma, hajapewa kidonge hata kimoja.

Hapa ndipo ninapoona sera ya kweli, ndogo, ya kiwango cha zoni, ambayo mtu aliyefunzwa anaweza kuifanikisha katika mwaka wake mmoja. Shefu na daktari mkuu wa zoni wakubaliane kwa maandishi kwamba hakuna baraza linaloketi kabla msichana hajafika kituoni. Shefu hatalazimika kumwacha ndugu yake siku hiyo. Atalazimika kutuma pikipiki. Kodesa, kamati ya maendeleo ya eneo la afya, itenge mafuta ya safari hiyo kama inavyotenga ya mama mwenye uchungu uliokwama. Cheti kitolewe bure na nakala yake ibaki kabatini, ili kesi ikianza hata mwaka ujao, karatasi iwepo. Hayo hayasubiri bunge. Yanasubiri mtu anayeamka kila siku na hiyo ndiyo kazi yake, kwa maana daktari mkuu wa zoni ana kipindupindu, ana surua, ana ripoti za wafadhili watano kila mmoja na fomu yake.

Limebaki suala la posho, ambalo katika mihadhara huachwa kwa adabu. Mfadhiliwa akilipwa mara kumi ya muuguzi anayempa habari, habari hazitakuja. Wauguzi wetu wengi wanaishi kwa ada ya mgonjwa na marupurupu yanayochelewa. Afadhali nafasi ya kwanza apewe muuguzi mwanamke aliyekwisha kukaa miaka katika mojawapo ya zoni sita, anayejua Kibangubangu au Kizimba pamoja na Kiswahili, na mtakwimu kutoka Kinshasa awe msaidizi wake. Wafadhili watauliza shahada yake. Waulizwe nao ni mtu gani mwenye shahada atakayebaki Lusangi mvua za Novemba zikianza.

Nitaishia hapa, maswali yana nafasi. La kwanza najua litatoka mstari wa mbele, na litakuwa la mbuzi.